Kagua Hindi Kabla ya Kupukuchua: Namna ya Kutambua Kuvu kwenye Magunzi na Punje

Mahindi yakishapukuchuliwa, ushahidi mwingi umepotea. Punje ya ncha na punje ya kitako zimelala gunia moja, zilizooza zimesuguana na nzima, na vumbi la ukungu limepaka kila kitu. Hapo hata fundi wa kuchambua atabaki anakisia. Lakini hindi likiwa bado kwenye gunzi lake linaeleza mengi: ugonjwa ulianzia wapi, uliingia kwa mdudu au kwa mvua, na kama umeanza shambani au umeanza baada ya kuvuna. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi shambani na uani kuliko ghalani.

Nimemwandikia mkulima wa Tabora: wa Igunga na Nzega ambako mvua hukatika mapema, na wa Urambo, Kaliua, Uyui na Sikonge. Jirani wa Kasulu au Buhigwe naye anaweza kuutumia, ila asome mara mbili pale panapotajwa baridi.

Kabla ya hatua zenyewe, jambo moja liwe wazi. Macho yanaona kuvu, hayaoni sumu. Sumukuvu haina rangi wala harufu unayoweza kuinusa kwenye ugali, na gunia linaloonekana safi linaweza kuwa nayo. Ukaguzi wa macho unakuwezesha kutoa mahindi mabaya kuliko yote, basi. Hautoi cheti. Cheti hutolewa na kipimo, na kiwango kinachotumika Afrika Mashariki kwa mahindi ni aflatoksini, sumukuvu inayoogopwa kuliko zote, isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, na ile hatari zaidi, B1, isizidi 5.

Anayeona haya ni mambo ya maabara akumbuke mwaka 2016, pale watu 68 walipougua na 20 kati yao kufariki mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye aflatoksini. Kenya ilipoteza watu 125 mwaka 2004. Na kwa anayelima ili auze: Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani.

Hatua ya 1: Jua siku ya kuanza

Chomoa punje katikati ya gunzi, ikwangue kitakoni kwa ukucha. Ukikuta doa jeusi, hindi limekomaa. Punje haipokei tena chakula kutoka kwenye mmea. Kilichobaki ni kukauka tu, na kila wiki ya ziada shambani ni ya funza, mchwa na mvua za mwisho. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili, hivyo mahindi yaliyopandwa mapema hukomaa mawingu yangali juu.

Kwenye vijiji vya tumbaku kuna shida ya pekee. Wakati mahindi yanaita, mikono yote iko kwenye mabani ya kukaushia tumbaku na kwenye kuipanga madaraja, kwa kuwa tumbaku ndiyo yenye mkopo. Mahindi huachwa yasimame. Ningeshauri angalau watu wawili watolewe siku moja wakafanye hatua inayofuata, hata kama kuvuna kwenyewe kutasubiri.

Hatua ya 2: Pita shambani, hesabu

Usikague mstari wa kando ya njia ukaridhika. Katiza shamba kwa mshazari, simama sehemu 5, kila sehemu fungua mahindi 10 yanayofuatana bila kuchagua. Hayo ni 50. Yahesabu yenye ukungu wowote, hata wa upana wa kidole kimoja kwenye ncha.

Kabla hujamenya, tazama ganda. Ganda lililopauka na kukauka wakati mengine ya shamba hilohilo bado ni mabichi ni dalili mbaya. Ganda lililogandamana na punje, linalokatika badala ya kumenyeka, ni dalili nyingine. Angalia kama ncha imefunikwa au iko wazi, kama kuna tundu la funza wa mabua au kinyesi cha viwavijeshi vamizi, na kama hindi limeinamisha kichwa au bado limesimama. Lililoinama humwaga maji ya mvua. Lililosimama huyapokea, yakatuama kitakoni.

Yakizidi 5 kati ya 50, usingoje yakauke shambani. Vuna, ukaushie nyumbani.

Hatua ya 3: Menya, soma hindi

Hapa ndipo pa kutulia. Kaa kivulini mchana, si chini ya taa, ujifunge kitambaa puani na mdomoni, maana vumbi la kuvu si la kuvuta puani. Kwa kila hindi jiulize maswali matatu: ukungu umeanzia wapi, una rangi gani, na umeenea mfululizo au umerukaruka?

Unga wa kijani kinachoelekea njano, ulioanzia ncha au umefuata njia ya mdudu, mara nyingi ni Aspergillus flavus. Huyu ndiye mtengenezaji wa aflatoksini, na ndiye ninayemhofia kuliko wote kwa upande wa Igunga na Nzega, kwa kuwa anapenda joto na ukame. Mvua ikikatika wakati mahindi yanatoa ndevu na kujaza punje, na shamba likiwa na njaa ya mbolea ya naitrojeni, anapata nafasi. Ukipuliza, unga wake hupeperuka, usipulize. Unga ukizeeka hugeuka kahawia, kwa hiyo usiseme "huu si kijani" ukapita. Hindi lenye dalili hii, hata punje tatu tu, litenge zima. Usikate ncha ukabakiza sehemu nyingine kwa chakula, kwani punje jirani zinaweza kuwa zimeshaingiliwa bila kuonyesha chochote.

Kama shamba lako lina historia ya ukungu huu, ipo dawa ya kibayolojia iliyosajiliwa nchini mwaka 2018, Aflasafe. Ni punje za mtama zilizopakwa kuvu ya jamii hiyohiyo isiyotengeneza sumu, ili iwahi nafasi shambani. Humwagwa ardhini kilo 4 kwa ekari, wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa mbelewele, udongo ukiwa na unyevu. Baada ya kuvuna haisaidii kitu.

Ukungu mweupe au wa waridi hafifu uliotawanyika, punje moja hapa, kundi dogo pale, nyingine nzima katikati, ni kazi ya Fusarium verticillioides. Ndiyo utakayoikuta mara nyingi. Huingia kupitia ndevu na kupitia vidonda vya funza. Wakati mwingine hakuna ukungu wa kuonekana kabisa, ila punje ina mistari myeupe iliyotoka kileleni mwake na kusambaa kama miale ya jua. Wakulima wengi huipita mistari hiyo wakidhani ni rangi ya mbegu. Sumu yake inaitwa fumonisini, na mwenye mkokoteni aisikie vizuri: punda ni mwepesi mno kudhurika nayo. Akila mahindi mabovu ubongo wake huharibika. Huanza kuzunguka pale pale, kuegemeza kichwa ukutani, kutoona, kisha hufa. Mara nyingi watu husema punda kalogwa au kanyweshwa kitu.

Ukungu mwekundu au waridi iliyokolea, ulioanzia ncha na kushuka mfululizo, na maganda yamegandamana na punje, ni Fusarium graminearum. Inapenda ubaridi na mvua nyingi wakati wa ndevu. Tabora si nyumbani kwake sana. Kigoma ya milimani, Buhigwe na kingo za Kasulu, ndiko ningeitafuta. Ndiyo kuvu ileile inayokausha masuke ya ngano, na mwenye ngano ataitambua kwa suke lililopauka nusu huku nusu nyingine ikiwa bado kijani, na punje zilizosinyaa, nyeupe chokaa au zenye wekundu. Kwenye mahindi, ishara ya nje ya shamba hutoka bandani: nguruwe jike anakataa chakula, au sehemu zake za uzazi zinavimba kana kwamba yuko kwenye joto ilhali bado mdogo.

Ukungu mweupe mzito, baadaye kijivu, ulioanzia kitako na kupanda juu, ni Stenocarpella maydis. Hapa ndipo lile ganda lililopauka mapema linapopata maelezo yake. Hindi huwa jepesi mkononi, wakati mwingine limeoza lote. Livunje katikati: utaona vidoti vyeusi vidogo kwenye gunzi na chini ya punje. Kuvu hii huishi kwenye mabua na magunzi ya msimu uliopita, kwa hiyo anayepanda mahindi juu ya mahindi bila kufukia masalia anaifuga mwenyewe. Ng'ombe wanaoingizwa kula mabua kwenye shamba lililoathirika sana wanaweza kuyumba na kupooza miguu. Dawa yake kubwa ni kubadilisha zao: maharage, mihogo, viazi vitamu, hata karanga. Lakini angalia: kwa ile ya kijani-njano, karanga si mapumziko, kwani nazo inazishambulia.

Unga wa buluu-kijani, hasa kwenye kiini cha punje, ni Penicillium. Ukiikuta kwenye hindi lililotoka shambani leo, mdudu alitangulia. Ukiikuta kwenye mahindi yaliyokaa stoo, maana yake uliyaingiza yakiwa mabichi.

Na fugwe je? Yale mabonge makubwa ya kijivu yanayopasuka na kumwaga unga mweusi? Yanatisha kuliko yote, lakini si mtengenezaji wa sumu hizi tulizotaja. Mexico huyavuna yangali machanga wakayala kama mboga. Wewe yang'oe kabla hayajapasuka, uyafukie, uendelee na kazi.

Hatua ya 4: Ondoa vinavyofanana

Si kila rangi ni ugonjwa. Zipo mbegu za asili zenye punje nyekundu au zambarau. Rangi yake ni ya kung'aa, imekaa sawasawa, na ukikwangua ganda ndani ni nyeupe ya kawaida. Wekundu wa kuvu umefifia, hauna mng'ao, na punje imelegea. Udongo wetu mwekundu nao hupaka mahindi yaliyoanguka. Futa kwa kitambaa chenye maji, utatoka. Masizi ya darini hutoka vilevile. Punje iliyoungua kwa joto la kurundikwa mbichi huwa na kiini cha kahawia bila unga wowote, ila hiyo usiisamehe, maana palipopata joto hilo kuvu haikuwa mbali.

Hatua ya 5: Kausha, kisha upime kwa chumvi

Mahindi mazuri, yangali kwenye magunzi, yaanikwe juu ya turubai au kichanja, siyo chini kwenye udongo ambako kuvu hukaa mwaka mzima. Yafunikwe usiku, umande nao ni maji. Punje ifike unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Mwenye kipima unyevu atumie. Asiye nacho achukue chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ajaze punje za mahindi theluthi moja, aongeze vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu (hata ile ya Uvinza inafaa, mradi umeikaanga kidogo ikakauka), afunge, atikise dakika moja, aache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isiponata, uko chini ya 15, ambayo bado siyo 13.5. Anika siku nyingine mbili za jua kali ndipo ufunge gunia. Hapa ndipo wengi wanapokosea: chumvi ikishaanguka chini wanashangilia mapema.

Kuuma kwa jino? Wazee wanaweza, na hindi likilia "ka!" wanakuambia limeiva kwa kuhifadhi. Jino linatofautisha bichi na kavu. Kati ya 14 na 13 haliwezi.

Hatua ya 6: Pukuchua, chambua punje

Usipige magunia kwa fimbo. Punje iliyopasuka ni mlango uliofunguliwa. Mashine ya kupukuchua ikitema punje nyingi zilizovunjika, ama mahindi hayajakauka ama imefungwa vibaya.

Pepeta kwanza, kwa sababu punje zilizooza ni nyepesi na vumbi lina sumu nyingi kuliko punje zenyewe. Kisha mwaga kiasi cha ungo mmoja, utandaze safu moja. Toa zilizosinyaa, zilizopoteza mng'ao, zenye rangi yoyote tuliyoitaja, zenye kiini cheusi au cha buluu, zilizobunguliwa, zilizovunjika. Kazi hii inachosha macho, badilishaneni.

Kwa mahindi ya kusaga siku za karibuni unaweza kuongeza maji: yamwage kwenye ndoo, koroga, zinazoelea zitoe, zilizozama ukaushe upya kabla ya kwenda mashineni. Usifanye hivyo kwa mahindi ya kuhifadhi.

Neno kuhusu dona. Wataalamu wa lishe wanatuhimiza kula dona, na wana haki. Lakini sumukuvu nyingi hukaa kwenye ganda la nje na kiini, vile vitu vinavyotoka na pumba wakati wa kukoboa. Anayekula dona achambue kwa ukali kuliko anayekula sembe, na uji wa mtoto utengwe unga wake wa mahindi yaliyopitiwa mara mbili. Na pumba za mahindi ambayo hayakuchambuliwa si chakula salama cha kuku eti kwa sababu ni za bure.

Ukinunua badala ya kulima, omba muuzaji achome bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, juu, katikati na chini ya gunia, pande zote mbili. Gunia la mnadani lina tabia ya kuwa zuri mdomoni. Akisema, "Mama, haya ni ya jana tu, usiwe na wasiwasi," mwambie, "Sawa baba, basi choma na hapa chini." Harufu ya uvundo ikitoka, acha.

Karanga zifuate mtindo uleule: zipasue mbili, tazama katikati ya vipande, ndiko unga wa kijani hujificha. Chungu mdomoni, tema. Kinachonisumbua ni kwamba zile zilizovunjika na kusinyaa ndizo huuzwa rahisi kwa ajili ya kutwangia mboga.

Hatua ya 7: Yaliyokataliwa yaende wapi

Yasirudi mezani kwa mlango wa nyuma. Kupika hakuondoi aflatoksini. Inavumilia moto wa ugali na wa makande. Pombe ya kienyeji ya mahindi mabovu inabaki na sumu. Ng'ombe wa maziwa akila, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa. Bata ndio dhaifu zaidi. Aflatoksini yenyewe iligunduliwa baada ya bata mzinga wapatao 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960, waliolishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Na kuyachanganya kidogokidogo na mazuri ili yasionekane ni kuharibu mazuri.

Yafukie mbali na kisima. Usihifadhi mbegu kutoka shamba lililokuwa na kuvu ya kitako.

Hatua ya 8: Ghalani, rudia ukaguzi

Dawa ya unga ya kuhifadhia huua wadudu, kuvu haiigusi. Hata hivyo wadudu na kuvu huenda pamoja, na Tabora tuna sababu ya kulijua hilo: dumuzi, yule aliyetoka Amerika ya Kati na ambaye wengine walimwita skania, alionekana kwa mara ya kwanza Afrika hapa mkoani, miaka ya mwisho ya 1970 kuelekea 1980. Anakobungua huacha unga na joto, kuvu ikafuata.

Mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa inazuia vyote viwili, kwa sharti kwamba mahindi yameingia makavu. Mabichi yakifungwa humo huvunda. Magunia ya kawaida yapangwe juu ya vichanja, yasiguse ukuta.

Mvua mpya zikianza, paa na hewa hubadilika. Novemba, kisha tena Januari, ingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko. Likiwa na joto kuliko gunia jirani, au punje zimeshikana kwa vidonge, litoe nje siku hiyohiyo, limwage kwenye turubai, tenga vidonge pamoja na punje zote zilizovizunguka kwa upana wa viganja viwili, anika zilizobaki, urudie chupa ya chumvi. Kama kuna mtu nyumbani amepata macho ya njano, tumbo kujaa na kutapika baada ya kula mahindi hayo, mpeleke kituo cha afya pamoja na kibaba cha mahindi yenyewe kwenye mfuko wa karatasi, na mseme wazi mlichokula.